Kona ya Shemeji

Jamani, mimi nilikuwa na amani yangu. Jiko letu hapa Magomeni, Mtwara, lilikuwa na meza moja, ndoo mbili za maji, kigoda, na misumari mitatu ya kutundikia vikaango. Tunapika, tunakula, tunalala. Sasa mama watoto akaenda kwenye arobaini ya mtoto wa shoga yake huko Shangani. Akarudi kanyamaza. Mwanamke akirudi shughulini kanyamaza, baba, kaa chini uhesabu hela zako.

Usiku ndiyo akanisogezea simu. Kwenye picha kuna jiko jeupe limemeremeta mpaka macho yanauma, makabati yamepanda hadi dari, na katikati kuna kaunta imesimama peke yake. Nikauliza, hiki nini? Akasema kinaitwa kisiwa. Jiko letu lina mita 3 kwa 2 na nusu. Kikikaa kisiwa humo, sisi wote tutabaki baharini.

Na hela alijua zipo. Malipo ya korosho yalikuwa yameshaingia benki kupitia chama cha msingi, milioni moja na laki tano baada ya makato yote. Mimi nilikuwa nimeipangia bati za banda. Kumbe mwenzangu aliipangia tangu mikorosho inatoa maua.

Nikajifanya mjanja, nikaandikia duka moja la Dar kwa simu. Wale watu wanauza makabati kwa mita, kama kitenge. Tena ya chini bei yake, ya juu bei yake. Nikawatumia vipimo, jibu likaja milioni saba na ushee, bila sinki, bila graniti, bila usafiri. Nikamuuliza yule kijana, je, kwenye hiyo milioni saba mbuzi anapata sehemu ya kukaa? Maana mimi kwangu nazi inakunwa kila siku. Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akaandika: "Mzee, makabati yetu si ya kufugia." Nikafunga simu. Mtu hajui mbuzi ya kukunia nazi halafu anataka kunitengenezea jiko!

Nikarudi kwa seremala wa mtaani. Huyu ni mtu wa haki, ana tepu kiunoni na penseli sikioni. Nikamwambia nataka mninga. Akanitajia bei ya mninga, nikamwambia nataka MDF, zile bodi za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Akasema MDF sawa, bodi moja futi 8 kwa 4, inakatika vizuri, ila haitaki maji, ikinywa maji inavimba kama andazi. Nikamuuliza, fundi, hili si jiko? Watu si wataosha vyombo humu? Akasema basi ya chini tuiinue juu ya tofali na saruji, inchi 4, ili ukipiga deki maji yasifike, na pale chini ya sinki tuweke mbao. Hapo nikaona huyu anafaa.

Akaja na bawaba za aina mbili. Moja ya kawaida, nyingine ile ya kujifunga yenyewe polepole, eti kabati lisigonge. Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna kitu kinachofungwa polepole. Wanangu wakitoka chooni, jirani anajua. Weka ya kawaida, lakini isiyoshika kutu, maana huu upepo wa bahari hapa kwetu unakula chuma mchana kweupe.

Kisha akamsimamisha mama watoto ukutani, mkono ameukunja, akampima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Anasema kaunta inatakiwa ikae chini ya kiwiko inchi 4 mpaka 6, kwamba zile sentimita 90 za kwenye vitabu ni za watu warefu. Mimi nimesimama pembeni na glasi ya maji, naangalia mwanamume mwenzangu anampima mke wangu kiwiko, na ninamlipa.

Suala la mtungi wa gesi ndilo lilinichoma. Fundi akatoboa matundu chini kabisa ya mlango wa kabati lake, akasema gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, lazima iwe na pa kutokea. Sawa. Lakini hebu tuongee. Gesi asilia iko hapo Mnazi Bay, ikisafishwa Madimba inaingia kwenye bomba la inchi 36, inakwenda zake Dar zaidi ya kilomita 500. Na mimi niliyeachwa nayo mlangoni nasimama barabarani nasubiri bodaboda aniletee mtungi wa kilo 15 wenye gesi iliyokuja kwa meli kutoka ng'ambo! Haya, tuyaache.

Basi siku ya kufunga makabati, fundi akaangalia kona, akainamisha kichwa kama kuku aliyeona mdudu. Akatoa tepu. Ukuta huu akaweka alama kwenye sentimita 60, ukuta ule kwenye 80, halafu akapima kutoka alama hadi alama. Akapima tena. Akaniita.

"Bosi, hapa ilitakiwa isome 100."

"Inasoma ngapi?"

"102. Kona haina skwea, imefunguka kupita pembe mraba."

Nikamwambia sentimita mbili si kitu. Akacheka kicheko cha huruma, akasukuma makabati yakagusa ukuta wa dirishani, kisha akaniambia nifuate ukuta ule mwingine. Huku konani kabati limebana. Kadiri unavyokwenda linauacha ukuta, linauacha, kufika mwisho kuna uwazi wa inchi 4, paka anapita.

"Nyumba hii alijenga nani?"

Nikakohoa. Mama watoto akaacha kuchambua mchele. Nyumba hii alijenga kaka yake, shemeji yangu. Alinijengea kwa bei ya undugu, na undugu wenyewe ananikumbusha kila Idd.

Fundi akasema dawa ni mbili, kupiga lipu upya ukuta mzima tunyooshe, au kuanza kuikata upya bodi iliyokwisha kukatwa. Zote zinataka hela. Nikafungua mdomo nimtaje aliyejenga kwa jina la baba yake, nikaona jicho la mwenye kaka. Nikaufunga.

Makabati ya juu yakafa hapo hapo, tukaweka rafu moja. Kaunta ikawa plaiwudi iliyopanuliwa hadi ukutani kuficha aibu, na juu yake vigae vilivyobaki sebuleni. Ukikata kitunguu jikoni kwangu unajisikia umekaa na wageni. Ule uwazi wa nyuma ukabaki wazi ubavuni, na mama watoto, Mungu ambariki, akauchomekea sinia kubwa la pilau. Lilienea sawasawa, utadhani lilipimwa.

Idd ikafika, na shemeji akafika. Kanzu imenyooka, tofauti na kuta zake. Akaingia jikoni, akagonga kaunta, akafungua droo, akasifu. Kisha akaliona sinia. Akalichomoa taratibu, akainama, akafumba jicho moja, akachungulia ule uwazi kuanzia mwisho hadi konani. Akasimama, akanishika bega.

"Shemeji, huyu seremala kakupiga. Kakata kombo. Siku nyingine, kazi kama hizi niite mimi."

Nikamtazama mama watoto. Mama watoto akatazama sufuria.

Nikachukua lile sinia mkononi mwake, nikampakulia pilau.