Msalaba: ilikuwa lazima, au ilipasa?

Aliyewahi kusimama kwenye mhadhara wa dini kati ya Waislamu na Wakristo, Dar es Salaam au Mombasa, analijua swali hili la Mwislamu juu ya kifo cha Yesu, maana halikosi kuulizwa: "Mungu wenu ni muweza wa yote. Kwa nini asiseme tu 'nimesamehe', yakaisha? Mpaka mtu afe?" Hapo hufuata aya ya Qurani kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Mkristo naye anafungua Waebrania 9:22, "pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo", kisha anaifunga Biblia kana kwamba kazi imekwisha. Ameonyesha kwamba imeandikwa. Kwa nini iwe hivyo, hajasema.

Na hata mstari huo haubani kama unavyonukuliwa. Nusu yake ya kwanza, ambayo huachwa, inasema kwamba katika Torati "karibu vitu vyote" husafishwa kwa damu. Karibu. Mwandishi aliijua Torati yake: Walawi 5 inamruhusu maskini asiyemudu hata hua wawili alete unga, sehemu ya kumi ya efa (kipimo cha nafaka), na dhambi yake inasamehewa. Unga hauna damu. Daudi naye, baada ya kupanga kifo cha Uria na kumchukua mkewe, alikiri, na papo hapo nabii Nathani akamwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. (Ni 2 Samweli 12. Mstari unaofuata unasema mtoto wake ndiye atakayekufa. Wanaopinga ulazima wa damu huishia mstari wa 13, wanaoutetea huanzia wa 14, nami sijapata kusikia mahubiri yaliyotulia juu ya yote miwili.)

Wayahudi wenyewe wamekaa bila madhabahu tangu Warumi walipobomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Mapokeo yao yanasimulia kwamba Rabi Yohanan ben Zakkai alimfariji mwenzake aliyekuwa akiyalilia magofu hayo kwa maneno ya Hosea: Mungu anataka fadhili, wala si sadaka. Ni karibu miaka 2,000 sasa, na toba yao haingoji damu. Tena yuko baba wa mwana mpotevu, ambaye Yesu mwenyewe ndiye aliyetusimulia habari zake. Alimkimbilia mwanawe akamkumbatia, hakudai chochote kwa yeyote. Ndama alichinjwa, ndiyo, lakini alichinjwa kwa ajili ya karamu.

Kwa hiyo pingamizi hili halikuletwa na Waislamu. Limo ndani ya Biblia, na Wakristo wameliuliza wao kwa wao kwa karne nyingi.

Jibu linalopendwa kwenye mikutano ya injili ni kisa cha hakimu. Mwanawe kaletwa kizimbani, sheria ni msumeno, hakimu anamtoza faini, kisha anavua joho, anashuka na kuilipa mwenyewe. Haki imetimia na upendo umetimia. Kisa kitamu, na nadhani kimeidhuru hoja ya Wakristo kuliko alivyoweza mpinzani wao yeyote. Fausto Sozzini, mwanateolojia Mwitalia, alikwisha kulionyesha tundu lake katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1594. Deni la fedha yeyote anaweza kukulipia, kifo hakihamishiki. Hakuna mahakama itakayomnyonga ndugu wa muuaji na kuiita hiyo haki. Isitoshe, deni lililolipwa halijasamehewa, na lililosamehewa halijalipwa. Zaidi ya karne tatu kabla yake, Thoma wa Akwino, mtakatifu wa Kanisa, alikuwa ameshasema kwamba hakimu hawezi kusamehe ovyo kwa sababu kosa limetendwa dhidi ya mwingine, naye ana wakubwa juu yake. Mungu hana aliye juu yake. Akisamehe bila malipo hamdhulumu mtu.

Hamdhulumu mtu? Hapo mimi nasita. Mjane aliyeporwa shamba na shemeji yake, akisikia shemeji ameinua mkono mkutanoni na mbinguni yameshafutwa, ana haki ya kuuliza: na mimi je? Msamaha usiomgharimu mtu yeyote huwa umemgharimu aliyeumizwa. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alimjibu mwenzake aliyedhani toba inatosha: bado hujapima uzito wa dhambi. Kwake, dhambi ni kumnyima Mungu heshima iliyo haki yake, na kuifuta bila kitu kurudishwa ni kutawala ulimwengu kana kwamba jema na baya vina bei moja. Anayedaiwa ni mwanadamu, anayeweza kulipa ni Mungu peke yake. Ndipo akahitajika aliye Mungu na mtu. Watu humlaumu Anselm kwa picha ya Baba anayemwadhibu Mwana, na wanamwonea. Yeye alisema ni ama fidia ama adhabu, na Kristo alileta fidia ili adhabu isiwepo. Fundisho kwamba adhabu yenyewe ndiyo iliyomwangukia Kristo lilipata nguvu karne ya 16 kwa Waprotestanti akina Calvin, ambaye, si bure, alisomea sheria.

Kiswahili nacho kina mtego wake hapa. Fidia kwetu hulipwa aliyeumizwa, na mlipaji na mpokeaji hujulikana. Kafara ndiyo mbaya zaidi: mtaani, aliyetoa kafara ni tajiri anayeshukiwa kumtoa mwanawe ili mali izae. Mtu aliyekulia kwenye maana hizo, akiambiwa Mungu alimtoa Mwanawe kafara, anamwona mganga. Hata mbuzi wa kafara tunayemtaja kila siku tumemkoroga: katika Walawi 16 mbuzi ni wawili, na yule anayewekewa dhambi kichwani hachinjwi, anaachwa aende jangwani akiwa hai. Katika karne ya 4 askofu Gregori wa Nazianzo aliuliza swali ambalo picha ya fidia haiwezi kulikwepa: ililipwa kwa nani? Kwa shetani? Aibu iliyoje. Kwa Baba? Baba yupi, yule ambaye hakumpokea hata Isaka alipotolewa na Abrahamu, akatoa kondoo dume badala yake?

Kuna jambo linalosahauliwa na pande zote mbili za mhadhara. Kama Yesu ni nabii tu, hoja ya Mwislamu imesimama na hakuna wa kuiangusha: kumwua mtu mwema ili kuwaachilia waovu ni dhuluma, hata akikubali mwenyewe. Fundisho zima linaning'inia kwenye dai kwamba aliyekuwa msalabani ni Mungu. Paulo anasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake; kwa maneno mengine, anayedai ndiye aliyebeba hasara. Kubishana juu ya damu kabla ya kukubaliana Yesu ni nani ni kuanza nyumba kwa paa.

Jibu ninaloliona zito zaidi halina mahakama ndani yake. Ni la Atanasi, askofu wa Aleksandria katika karne ya 4. Anauliza: toba isingetosha? Anajibu kwamba ingetosha kama tatizo lingekuwa kosa peke yake. Lakini uharibifu umeshaingia mwilini, na kifo kimeshika mizizi. Mlevi aliyeacha pombe ameacha kweli, mkewe amemsamehe kweli; ini halijui habari hizo. Kristo aliingia kifoni kwa sababu ndiko walikokuwa wagonjwa. Ila hapa pia mtu makini atauliza kwa nini tabibu mwenye uweza wote asiponye kwa neno, kama alivyowaponya wakoma.

Ndiyo maana napenda kitenzi ambacho Biblia ya Kiswahili inamwekea Yesu mfufuka kwenye njia ya Emau: "Je! Haikumpasa Kristo kupata mateso haya?" Haisemi lazima. Kodi inakupasa ulipe, na bwana harusi huvaa ipasavyo. Neno moja, mara wajibu, mara kufaa. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, na Thoma walisimama upande huo wa pili: Mungu angeweza kwa njia nyingine, ila hii ndiyo iliyofaa kuliko zote. Ningetulia hapo, kama si sala ya Yesu kule Gethsemane. "Ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Thoma ana jibu: kutowezekana kule kunatokana na mpango uliokuwa umeshapangwa. Kimantiki hakuna pa kulishika. Lakini aliyelala kifudifudi pale bustanini, jasho likimdondoka, asema Luka, kama matone ya damu, haonekani kama mtu anayejua kwamba njia nyingine zilikuwepo na hii imechaguliwa kwa kuwa inafaa zaidi.