Hereni ya Ng'ombe: Lazima Ianzie Mnadani, Si Bomani

Hakuna anayebisha kwamba ng'ombe anahitaji alama. Wafugaji wa nchi hii waliweka alama kwenye mifugo yao kabla hakujawa na wizara wala waziri: Mmaasai humjua ng'ombe wa ukoo fulani kwa mkato wa sikio na chapa ya ubavuni, na makabila mengine ya wafugaji yana alama zao. Mjadala wa hereni za kielektroniki, yaani alama zenye namba zinazovishwa sikioni na kusomwa kwa kifaa, ambao tangu 2021 umekuwa ukizimika na kuwaka tena, hauhusu alama. Unahusu nani anaiamuru, nani anailipia, na nani ana ruhusa ya kufungua daftari ambalo namba ya ng'ombe imeandikwa sambamba na jina la mwenyewe.

Sheria yenyewe si ngeni. Bunge liliipitisha mwaka 2010, Sheria Na. 12 ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo, kisha kwa miaka kadhaa ikakaa kabatini. Mwaka 2017, wakati wa Waziri Luhaga Mpina, ikatolewa kwa kishindo: kila ng'ombe apigwe chapa ya moto, mwisho tarehe 31 Desemba. Ulikuwa msimu uleule ambao ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kenya walikamatwa na kupigwa mnada, kwa hiyo mfugaji hakuhitaji semina kuelewa kwamba chapa ingetenganisha wa kwetu na wa jirani. Ngozi iliyochomwa ikapoteza thamani, lakini hilo halikuwa na msemaji. Mwaka 2021 zikaja hereni: shilingi 1,750 kwa ng'ombe au punda, 1,000 kwa mbuzi au kondoo, na mlipaji ni mfugaji. Malalamiko yakafika bungeni, na mwishoni mwa 2022 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalisimamisha zoezi. Juni 2025 likarudi limevaa nguo nyingine. Rais Samia alizindua mkoani Simiyu kampeni ya miaka mitano ya chanjo na utambuzi, yenye bajeti ya shilingi bilioni 216: chanjo ya ng'ombe shilingi 500, ya mbuzi na kondoo 300, kuku bure, na hereni ikifuatana na chanjo.

Nguo hii ya pili imeshonwa vizuri zaidi. Bado lakini lile neno "lazima" limo kwenye sheria kama lilivyokuwa, na ndilo ninalotaka kulipinga, ingawa si lote.

Wanaolitetea wana hoja nzito, na sisi wakazi wa Dar es Salaam tunaila hoja hiyo kila siku. Ng'ombe wa jiji hili wengi hawazaliwi hapa. Wanatoka Shinyanga, Mwanza, Tabora, Singida na Dodoma, wamesimama kwenye lori usiku kucha, wanashushwa mnada wa Pugu. Hapo hupita mkono wa mchuuzi, wa dalali, wa mnunuzi, kisha machinjio ya Vingunguti, kisha bucha. Ini likishaning'inia kwenye ndoano pale Mbagala, hakuna binadamu anayeweza kukuambia limetoka zizi gani. Kibali cha kusafirisha kinasema ng'ombe kadhaa wametoka wilaya fulani. Hakisemi yupi ni yupi. Na njiani lori linaweza kupungukiwa mmoja na kuongezewa mwingine bila karatasi kushtuka.

Kwa siku za kawaida haya hayamsumbui mtu. Siku ya ugonjwa ndiyo yanauma. Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka 2006 na 2007 iliua Watanzania zaidi ya 100, na silaha kubwa iliyokuwapo ilikuwa kuzuia mifugo isihame katika maeneo mapana. Karantini ya namna hiyo haichagui. Mwenye ng'ombe wazima hufungiwa pamoja na mwenye wagonjwa, ada ya shule ya watoto wake ikiwa imesimama zizini kwa miguu minne. Kama kila mnyama aliyefika mnadani angekuwa na namba, mganga wa mifugo angefunga kata moja au mbili na kuwaacha wengine wauze. Hii ndiyo hoja bora ya serikali, na cha ajabu ndiyo inayosemwa kwa sauti ndogo kuliko zote. Majukwaani tunasikia zaidi habari za wizi wa mifugo, mikopo ya benki na soko la nje.

Wizi, sawa, ingawa hereni hukatwa kwa kisu kwa sekunde mbili. Mikopo, pengine. Soko la nje linahitaji uangalifu. Botswana na Namibia zilijenga mifumo ya kumfuatilia kila ng'ombe kwa sababu zinauza nyama Ulaya, na Ulaya, baada ya kuungua na ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, hainunui nyama isiyojulikana mama wala baba. Botswana ilifika mahali pa kumwingizia ng'ombe kidonge chenye namba tumboni. Nyama yetu inayosafirishwa huenda zaidi nchi za Ghuba, na wanunuzi wa huko hudai kwanza hati ya afya na machinjio safi. Uruguay mara nyingi hutolewa mfano, kwani tangu sheria yake ya 2006 kila ng'ombe lazima awe na namba. Wanaoitolea mfano husahau kutaja kwamba serikali ya Uruguay iliwagawia wafugaji hereni hizo yenyewe. Kwa bei yetu ya 2021, na kwa ng'ombe zaidi ya milioni 36, wafugaji wangetoa zaidi ya shilingi bilioni 60, kabla ya kuhesabu mbuzi hata mmoja.

Nchi ambayo habari yake inatufaa zaidi ni Marekani, maana huko wafugaji walibishana na serikali yao miaka mingi na ubishi ukafika mwisho unaoeleweka. Desemba 2003 ng'ombe mmoja wa maziwa katika jimbo la Washington alikutwa na kichaa cha ng'ombe. Ilibainika alizaliwa Kanada. Wenzake aliovuka nao mpaka walikuwa karibu 80, na wengi wao hawakupatikana kamwe. Japani ikafunga soko, Korea Kusini ikafunga. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza mfumo wa taifa wa utambuzi: kila shamba liwe na namba, kila mnyama awe na namba, kila safari iandikwe, ili mnyama mgonjwa afuatiliwe ndani ya saa 48.

Wakulima wadogo wakaja juu, na hoja zao hazikuwa za kijinga. Kampuni kubwa yenye maelfu ya nguruwe au kuku wanaokua pamoja na kuchinjwa pamoja ingeruhusiwa kuwasajili kwa namba moja ya kundi. Mama mwenye kuku 12 wa kienyeji na mbuzi wawili wa umri tofauti, wanaoingia na kutoka kila mmoja kwa wakati wake, angelazimika kumwandika mmoja mmoja. Yaani mzigo ungekuwa mwepesi kwa mkubwa na mzito kwa mdogo, na ugonjwa uliotia hofu ulikuwa umetoka kwenye ufugaji wa kibiashara. Waamishi, Wakristo wanaojitenga na teknolojia nyingi za kisasa, walikataa kwa sababu za dini. Wengine walisema shamba ni mali binafsi na serikali haina haki ya orodha ya mali ya mtu asiyeshukiwa kosa lolote. Wapo pia walioamini mambo ya satelaiti. Hawa wa satelaiti tunao hata hapa, na inafaa waelezwe kwa upole: hereni hizi hazina betri, na mtu mwenye kifaa cha kusomea lazima alisogelee sikio la ng'ombe kwa chini ya mita moja.

Mfumo ule ulimeza mamilioni ya dola na mashamba yaliyojisajili hayakufika nusu. Februari 2010 Waziri wa Kilimo Tom Vilsack akautupa. Kanuni iliyokuja baadaye, ya 2013, ilikuwa ndogo kwa makusudi: alama ni lazima kwa ng'ombe anayevuka kutoka jimbo moja kwenda jingine. Anayezaliwa, kukua na kuliwa kwake nyumbani, kanuni hiyo haimgusi. Tangu Novemba 2024 alama hiyo, kwa madaraja fulani ya ng'ombe wanaovuka, lazima isomeke kielektroniki. Kuna wanaoendelea kupinga, ila ukubwa wa ubishi umepungua kwa sababu lazima ile ilihama kutoka kwenye kumiliki ikaenda kwenye kusafirisha.

Hapo ndipo ninaposimama. Ugonjwa husafiri na mnyama anayesafiri. Ng'ombe wa Meatu asiyetoka Meatu hana deni lolote kwa mlaji wa Vingunguti. Siku anapopandishwa lori, ndipo umma unapopata haki ya kumuuliza ametoka wapi.

Zipo sababu mbili zinazonifanya niogope lazima inayoanzia bomani, yaani nyumbani kwa mfugaji. Ya kwanza ni ya kazi tu. Daftari la mifugo huoza haraka kuliko daftari lolote. Ndama huzaliwa, wengine hufa kwa ndigana kabla ya kupewa jina, dume hutolewa mahari, mtamba hukopeshwa kwa shemeji, fisi hula, hereni hung'oka kwenye miiba ya migunga. Lisipoandikwa tukio kila linapotokea, baada ya miaka mitatu kompyuta ya wizara itakuwa na ng'ombe wengi waliokwisha kuliwa na itawakosa wengi walio hai. Tulisajili laini za simu kwa alama za vidole, tukasogezewa tarehe ya mwisho hadi Januari 2020, na simu haizai. Ofisa mifugo wa kata anayehudumia vijiji kadhaa, kama yupo na kama pikipiki ina mafuta, hawezi kuandika kila kifo cha ndama. Mtu pekee anayeweza ni mfugaji mwenyewe, na ataandika tu akiona faida yake.

Ya pili ni hofu, na hofu hii ina historia. Waingereza waliwahesabu ng'ombe wa Usukuma, kisha katika mpango wao wa maendeleo wa miaka ya 1940 na 1950 wakawalazimisha watu kupunguza mifugo eti ardhi inachoka. Kuhesabiwa kulitangulia, kunyang'anywa kukafuata, na chuki iliyozaliwa hapo iliisaidia sana TANU kupata watu Kanda ya Ziwa. Baada ya uhuru wafugaji wameondolewa Ihefu, wameondolewa Kilombero, na 2022 tuliyaona ya Loliondo. Mifugo iliyokutwa hifadhini imetozwa faini kwa kila kichwa, na mingine imetaifishwa. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa kwamba serikali inataka kujua ana ng'ombe wangapi na anaishi wapi, kwa faida yake, kumwita mjinga ni utovu wa adabu.

Mtetezi wa hereni atanijibu kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika 2023. Ni kweli, na ni hatua nzuri. Ila sheria hiyo, kama za namna yake kwingineko, huacha mlango kwa vyombo vya dola na kwa jambo linaloitwa maslahi ya umma. Mfugaji wa Kilosa haogopi mfanyabiashara atakayemtumia matangazo kwenye simu. Anamwogopa mwenye mamlaka na karatasi. Kinachohitajika kimo kwenye uwezo wa Bunge: kifungu ndani ya sheria ya 2010 kwamba rekodi za utambuzi ni za afya ya mifugo na za wizi ulioripotiwa, na hazitumiki kumkadiria mtu kodi, kumpunguzia mifugo wala kumhamisha.

Kuna pingamizi moja dhidi yangu ambalo silipuuzi. Homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka ya mbuzi hazingoji lori. Wafugaji wetu huhama kwa miguu kutafuta maji, mkoa hadi mkoa, na mpaka wa kiutawala hauonekani porini. Ukisema alama ni kwa anayesafiri, basi karibu wote husafiri. Hii ni tofauti ya kweli kati yetu na Marekani. Lakini dawa ya kuhamahama ni chanjo, na chanjo haidai jina la mtu. Ndiyo maana niliisifu kampeni ya 2025: mfugaji anamleta ng'ombe kwa ajili ya sindano ya shilingi 500 anayoielewa, na hereni inapata sikio bila mgambo. Aliyekubali hivyo atakumbuka pia kurudi hereni iking'oka. Aliyefuatwa bomani na tishio la faini atawaficha nusu porini, na hiyo nusu ndiyo haitachanjwa.

Kama lazima itabaki, ianzie sehemu chache ambazo serikali tayari ina watu na lango: minada ya upili, ile mikubwa inayopokea ng'ombe kutoka minada midogo, kama Pugu, minada ya mipakani na machinjio makubwa. Anayetaka kupandisha ng'ombe kwenye lori la masafa aweke hereni pale mnadani, gharama iingie kwenye ushuru ambao mnunuzi anaulipa hata sasa. Na kabla ya hereni nyingine kununuliwa, viwekwe visomeo Vingunguti. Ng'ombe aliyefika pale na namba sikioni, akachinjwa, kichwa kikaenda kwa wauza supu na hereni ikatupwa bila kusomwa, gharama yote iliyomfuata kutoka Bariadi imepotelea hapohapo. Namba ile ingesomwa na kuunganishwa na ripoti ya mkaguzi wa nyama, mfugaji wa Bariadi angeweza kupata ujumbe kwenye simu kwamba maini ya ng'ombe wake watatu yalikutwa na minyoo, atafute dawa. Ujumbe wa namna hiyo ungefanya kazi ambayo faini haijaifanya tangu 2010.