Jumba la Medford na Chumba cha Bibi wa Tini

Nimeishi Massachusetts miaka 11, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikishikilia kwamba sisi watu wa Lamu ndio tunaojua nyumba. Kuhusu ujenzi bado nashikilia hivyo. Lakini katika mji wa Medford, karibu na Boston, lipo jumba la zama za ukoloni wa Waingereza linalofanya jambo moja ambalo nyumba zetu hazilifanyi, na kila nikirudi nyumbani jambo hilo hunikaba zaidi.

Jumba hilo huitwa Royall House. Mwaka 1732 Isaac Royall, mfanyabiashara aliyetajirikia sukari, ramu na watumwa katika kisiwa cha Antigua, alinunua shamba karibu na mto Mystic lililokuwa na nyumba ya matofali. Mwaka 1737 alihamia hapo na familia yake, akaja na watumwa 27. Yeye, na baada yake mwanawe aliyeitwa kwa jina lile lile, waliipanua nyumba ile hadi ikawa jumba la orofa tatu.

Mtu aliyezaliwa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, atavutiwa kwanza na upande wa magharibi. Ukiutazama kutoka bustanini utaapa kwamba ni ukuta wa mawe makubwa ya kuchonga, yaliyopangwa safu juu ya safu, na pembeni yake zimesimama nguzo bapa ndefu. Ukisogea unaona mishipa ya mti: ni mbao tupu, zilizokatwa na kuunganishwa kwa ustadi hata zikafanana na jiwe. Royall alitaka ufahari wa majumba ya Uingereza, akaupata kwa seremala badala ya mwashi. Kwetu jiwe halikuhitaji kuigizwa. Tulichimba matumbawe, tukachoma chokaa, tukaezeka dari kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti moja haifiki mbali kabla haijaelemewa na uzito wa dari, vyumba vyetu vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, kutoka kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, hadi misana miwili, yaani kumbi ndefu, hadi ndani, chumba cha nyuma kabisa, ambako ukuta mzima umepambwa kwa zidaka za lipu, yaani vishubaka vya ukutani. Nyumba ile ya Medford inapambana na baridi kwa meko na mabomba ya moshi. Ya Lamu inapambana na jua kwa unene wa kuta. Zote mbili zilijengwa na watu waliojua kazi yao.

Hata hivyo, matembezi yetu siku ile hayakuanzia jumbani. Yalianzia katika jengo dogo lililo ng'ambo ya ua, la matofali na mbao, ambako watumwa walipika na kulala. Majengo ya namna hii yaliyosalia kaskazini mwa Marekani ni machache mno. Mwongozaji alituweka pale kwa muda mrefu kabla ya kutuvusha ua, akatueleza kwamba majina ya watu zaidi ya 60 waliomilikiwa na familia ile yamepatikana katika hati. Mmoja wao ni Belinda, aliyetekwa Afrika Magharibi kabla ya kutimiza miaka 12. Royall mwana alikimbia mwaka 1775 vita vya uhuru vilipokaribia, akafa Uingereza mwaka 1781. Mwaka 1783 Belinda, akiwa mzee na mwenye binti mgonjwa wa kutunza, alilipelekea bunge la Massachusetts ombi la kutaka alipwe kutokana na mali ambayo sehemu yake ilichumwa kwa jasho lake. Alikubaliwa pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka, ingawa alilazimika kurudi tena na tena kudai alichokwisha kupewa. Sehemu nyingine ya mali hiyo hiyo ilianzisha kiti cha kwanza cha uprofesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Nilipoingia jumbani baada ya kuyasikia hayo, kila ngazi iliyong'arishwa niliiona imeshikwa na mkono wa mtu.

Sasa nirudi kwetu. Mji wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mgeni anayepelekwa katika nyumba ya waungwana huonyeshwa daka (kibaraza cha mlangoni), milango ya kuchonga, zidaka na kitanda cha kale. Aghalabu huambiwa kwa upesi kwamba chini palikuwa pa watumwa na ghala, kisha hupandishwa ngazi. Nyumba kadhaa zimekuwa malazi ya watalii, na vyumba vile vya chini vimepakwa chokaa nyeupe na kuwekewa mito. Utumwa ulikoma kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hao si watu wa kale sana.

Najua jibu la wazee. Husema kwamba wajukuu wa waliomiliki na wajukuu wa waliomilikiwa ni majirani, wameoana, wanaswali safu moja, na kutaja asili ya mtu ni kumvunjia heshima. Naiheshimu hofu hiyo, kwa maana nimewahi kusikia neno "mtumwa" likitumiwa kama tusi barabarani. Lakini kinachoifanya asili kuwa tusi ni huko kuificha. Belinda hakuaibishwa na jengo lile; walioaibika ni waliomnunua. Ningependa kila nyumba yetu iliyohifadhiwa imwanzishe mgeni chini, imtajie aliyelala pale kama jina lake linajulikana, kabla ya kumwonyesha kidaka kimoja.

Naanza na nyumba yetu. Chumba cha chini, karibu na kisima, ambamo tuliweka makaa na magunia ya mchele, sisi watoto tulikiita kwa Bibi wa Tini ("tini" kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, ni chini), na hakuna aliyeuliza bibi huyo ni nani. Mwezi uliopita nilimpigia simu shangazi yangu nikamuuliza. Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema kwamba bibi yake yeye alilelewa na mwanamke huyo, kwamba alitoka bara, na kwamba wimbo aliombembelezea mtoto haukuwa wa Kiamu. Shangazi anaukumbuka mstari wake mmoja, ingawa hajui maana yake. Akaniimbia.