Kamera za Oakland, ukimya wa Arusha

Kila nikimwambia mjomba kwamba jana jioni nilikuwa kwenye kikao cha baraza la madiwani hapa Oakland, California, swali lake ni moja: na huko kuna posho? Mjomba amekuwa mwenyekiti wa mtaa kule Sombetini, Arusha, kwa muda mrefu, anajua anachokiuliza. Kwake baraza ni mitaro, taka, ushuru wa stendi na wamachinga. Oakland nako wanagombana kwa hayo hayo, tena kwa makelele kushinda soko letu la Kilombero siku ya Jumamosi. Mimi hunikalisha mpaka usiku jambo jingine, ambalo kwetu linahesabiwa si la diwani kabisa: serikali iruhusiwe kumchungulia raia kiasi gani kwa jina la usalama wa taifa.

Mtindo huu wa madiwani kujadili usalama wa taifa una historia. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo USA PATRIOT Act wiki chache tu baadaye. Kwenye Seneti kura zilikuwa 98 kwa 1, na huyo mmoja ni Russ Feingold wa Wisconsin. Sheria iliwapa makachero wa serikali kuu uwezo wa kudai kumbukumbu za mtu, hata za vitabu alivyoazima maktaba, na mkutubi akatakiwa afunge mdomo. Wabunge walikuwa wamenyamaza, basi madiwani ndio wakaanza kusema. Mji baada ya mji ulipitisha azimio la kuipinga, na Februari 2004 jiji la New York lenyewe, lililopigwa, likajiunga nao. Arcata, kamji kadogo huku kaskazini mwa California, mwaka 2003 kalitunga kabisa sheria ndogo: ofisa wa mji atakayejipeleka mwenyewe kushirikiana na upekuzi unaovunja Katiba atapigwa faini ya dola 57.

Mjomba alicheka sana aliposikia hiyo faini. "Sasa dola hamsini na saba inamzuia nani, mjomba?" Haimzuii mtu. Halmashauri haiwezi kufuta sheria ya Bunge, si Arcata wala Arusha. Ila watu walilazimika kukaa ukumbini na kusema kwa sauti, mbele ya majirani zao, kile wanachokiogopa. Na pale ambapo mji una mamlaka yake wenyewe, yaani kununua vifaa na kuamuru polisi wake, maneno hayo yalikuja kuwa na meno.

Oakland ni mfano. Serikali kuu ilitoa fedha za kulinda bandari dhidi ya magaidi. Mradi ukaanza bandarini, ukanenepa, mpaka ukawa mpango wa kuunganisha kamera za mji mzima kwenye chumba kimoja. Wananchi wakajaza ukumbi, na Machi 2014 baraza likaurudisha mradi ulikotoka: bandarini na uwanja wa ndege. Baadaye ikaundwa kamati ya raia ya faragha, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ndogo: polisi wakitaka kifaa kipya cha kuchunguzia watu, waandike kwanza kinafanya nini, kinagharimu kiasi gani, picha zinakaa muda gani na nani anaziona. Kamati inasoma hadharani, halafu madiwani wanapiga kura. Mwaka 2019 wakapiga marufuku idara za mji kutumia mitambo ya kutambua sura.

Msidhani nawauzia pepo. Kikao kimoja alisimama mama mtu mzima, kofia ya kanisani kichwani, mkoba kaukumbatia kifuani. Mwananchi akisema, muda wake unahesabiwa kwenye kioo mbele yake. Alisema mjukuu wake alipigwa risasi mtaani na aliyempiga hajapatikana, basi wafunge kamera hata mlangoni kwake. Muda ukaisha, akaendelea, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Baada yake akaja kijana akasema kamera hizo hizo zitatumika kuwasaka wahamiaji. Mimi mhamiaji nilikaa nikawaona wote wawili wana haki. Wala baraza halina neno la mwisho: mwaka 2024 serikali ya jimbo ilitangaza kuuletea mji huu na barabara kuu za jirani kamera 480, na nyingi zinasoma namba za magari. Yangu inajulikana ilipo kuliko anavyojua jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye hata jina hajaniuliza.

Hapo ndipo nyumbani kunatushinda sisi wa huku. Polisi wakija kupekua nyumba Sombetini, desturi ni kwamba mjomba anaamshwa. Anakuja na kandambili zake na koti juu ya msuli, anasimama chumbani, anaangalia kinachotolewa uvunguni, anasaini. Anamjua mwenye nyumba, anajua mama yake anaumwa. Kompyuta inayosoma namba ya gari langu haina habari hizo. Huyo shahidi wa mtaa ni kinga kubwa, na sijaona mfano wake hapa.

Lakini mjomba akishasaini, habari imeishia hapo. Juu yake kuna Kamati ya Ulinzi na Usalama ya wilaya, mwenyekiti wake Mkuu wa Wilaya, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote wa Sombetini. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu aamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48. Sheria ya Kuzuia Ugaidi tuliipata 2002, mwaka mmoja baada ya ile ya Wamarekani. Ya Makosa ya Mtandao, 2015. Laini za simu tukazisajili kwa alama za vidole. Sikumbuki diwani wetu akirudi kwenye kata kutuuliza tunaonaje.

Najua jibu: Arusha si mahali pa mzaha. Mei 2013 bomu lilirushwa kanisani Olasiti, mwezi uliofuata jingine kwenye mkutano wa siasa viwanja vya Soweto. Watu walikufa, na anayetaka ulinzi baada ya hapo simwiti mwoga. Ila Arusha hii hii, Januari 5, 2011, watu waliuawa kwa risasi za polisi kwenye maandamano yaliyotokana na mzozo wa uchaguzi wa meya. Anayetuambia usalama hauhusiani na baraza la madiwani ameisahau siku hiyo. Na ibara ya 146 ya Katiba inazipa serikali za mitaa kazi ya "kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi". Iko pale pale, wala haihitaji Katiba mpya.

Mji wenyewe ndio makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na ya Mahakama ya Afrika Mashariki. Majaji wanakula nyama choma Arusha. Lakini Novemba 2019 Tanzania ilijitoa kwenye tamko lililomruhusu raia kwenda Mahakama ya Afrika, na tangu kujitoa huko kulipoanza kufanya kazi Novemba 2020, raia hawezi tena kuipelekea kesi mpya yeye mwenyewe. Na intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, sisi tulio nje tulikesha na simu mkononi, hatujui nani yuko salama Sombetini. Siku kama hizo ndipo unapoona hukubakiwa na mtu wa karibu wa kumuuliza zaidi ya diwani.

Sasa Olmoti, hapo hapo Arusha, unajengwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON. Kamera zitakuja, na wageni wanastahili kulindwa. Ila nimekwishaona ulinzi wa bandari ukitaka kugeuka ulinzi wa mji mzima, kwa hiyo nimemwomba mjomba ampelekee diwani maswali manne aulize kwenye kikao cha robo mwaka: kamera zitafungwa mitaa ipi, nani atakaa anaziangalia, picha zitafutwa baada ya muda gani, na mashindano yakiisha zitabaki chini ya nani. Mjomba ameyaandika kwenye daftari lake la mtaa. Anasema la nne ndilo litakaloleta kelele, na kwamba safari hii na yeye atakwenda kukaa nyuma ya ukumbi, posho iwepo isiwepo.