Chanjo ya HPV na ile X nyekundu

Jamani mi hili limenikaa kooni tangu jumamosi. Jirani yangu, mama ninayemheshimu kabisa, kamkataza binti yake wa miaka 12 kuchanjwa shuleni chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, eti watamfunga kizazi. Nikabaki namuangalia tu, sikuwa na maneno. Sasa ninayo.

Aliyekaa Dar anaijua X nyekundu. Nyumba ikishapigwa X ukutani ujue siku yoyote tingatinga linakuja. Basi ndani ya seli zetu mambo ni hivyohivyo, protini iliyochakaa inabandikwa alama inaitwa ubikwitini, halafu kuna mtambo unaivunjavunja, na waliogundua kazi ya hiyo alama (Ciechanover, Hershko na Rose) walipewa Nobeli ya kemia 2004. Wapiga X wako wengi, mmoja wao anatengenezwa na jeni ya UBE3A, iko kromosomu ya 15.

Sasa sikia kirusi kinavyofanya. HPV haina brashi wala rangi yake, inatoa kiprotini kidogo kinaitwa E6, kinamshika yule mpiga X wetu mkono kinampeleka mpaka kwa protini nyingine inaitwa p53. Na p53 ndio mlinzi, DNA ikiharibika yeye ndio anaisimamisha seli isigawanyike, ikishindikana kutengenezeka anaiua. Anapigwa X! Nyumba nzima, haina hata ufa, inabomolewa, na seli inabaki inagawanyika bila mtu wa kuizuia, miaka inapita mama hajisikii chochote mpaka siku anaona damu. Ndo maana wengi wanafika Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, ugonjwa umeshasambaa. Hii kitu iliniumiza sana kuielewa, manake mwili unabomolewa na fundi wake mwenyewe.

Aina ya 16 na 18 peke yake zinaleta kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo inazizuia zote mbili. Ndani ya chanjo kuna ganda tupu la kirusi, hakuna jeni zake, hiyo E6 haimo kabisa. Ila chanjo lazima itangulie kirusi, ndo maana wanachanjwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, Tanzania tumeanza 2018, sasa hivi ni dozi moja tu. Kinachoondoa kizazi ni saratani, wanawake wanatolewa mji wa uzazi au wanachomwa mionzi, na hapo ndio uzazi unaisha kweli.

Binti wa dada yangu kachanjwa. Jioni mkono ulimuuma kidogo, akaosha vyombo kwa mkono mmoja akilalamika, asubuhi kasahau. Kesho naenda kwa jirani tena, nimeshachora kwenye karatasi nyumba na X, nitakaa naye mpaka anielewe.