Kiredio cha Mfukoni Hupimwa kwa Kidole Gumba

Navuka kivuko cha Likoni kwa miguu siku sita za juma, asubuhi kabla ya saa moja na jioni baada ya saa kumi na moja, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikivuka na kicheza muziki kidogo kisichozidi ukubwa wa kiberiti, nilichokibana kwenye ukosi wa dera ndani ya buibui. Wenzangu wa ofisini huniuliza mara kwa mara kwa nini nabeba chombo cha pili ilhali simu yangu inacheza nyimbo vilevile. Swali lao ni la haki. Makala haya ni jibu langu, pamoja na yale niliyoyasikia kwa majirani na jamaa wanaomiliki vyombo kama hiki, kwa sababu maoni yao yamenifunza mengi kuliko maandishi yaliyo kwenye maboksi.

Simu ya mtu wa Mombasa leo ndiyo pochi yake. Ndani yake mna M-Pesa, mna nauli ya matatu, mna namba za watoto na za mwajiri, na ikizimika magharibi mtu akiwa ng'ambo, hajui aanzie wapi. Kuitumia simu hiyohiyo kwa muziki kutwa nzima ni kuichosha betri ambayo ina kazi nyingine kubwa zaidi. Tena mteremko wa feri, watu wanapobanana kungoja lango lifunguliwe, si mahali pa kutoa simu ili kubadilisha wimbo. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja mkono ukipita na simu ikaenda nao. Kicheza muziki hakionekani, na hata kikionekana hakimtamanishi mtu sana.

Hizo zote, hata hivyo, ni sababu za kumiliki chombo. Hazimwelekezi mnunuzi achague kipi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi, ambao neno lao la kwanza huwa ni gigabaiti. Mimi nashikilia kwamba chombo hiki hupimwa kwa kidole gumba. Ikiwa mwenyewe hawezi kukiwasha, kupunguza sauti na kuruka wimbo bila kukitazama, basi hakina ubora wowote juu ya simu, hata kiwe na nafasi ya nyimbo elfu kumi.

Watengenezaji wa mwanzo walilielewa jambo hili. Sony ilipotoa Walkman mwaka 1979, ilikuwa na vitufe vya kubonyeza ambavyo kidole hakiwezi kuvikosa, na matundu mawili ya vipokea sauti ili watu wawili wasikilize kanda moja. Mwaka 1998 ikaja MPMan kutoka Korea Kusini, miongoni mwa vya kwanza kabisa kucheza faili za MP3, ikiwa na megabaiti 32 tu, yaani muziki wa takriban nusu saa. Apple ikaleta iPod mwaka 2001 ikiwa na gigabaiti 5, kisha mwaka 2005 ikaleta iPod shuffle, ambayo haikuwa na kioo chochote: duara la vitufe mbele, swichi nyuma, basi. Wengi waliilaumu kwa kukosa kioo. Kwangu mimi hicho ndicho chombo kilichomfikiria msikilizaji kuliko vyote, kwa kuwa mtu aliyekivaa hakuwa na sababu ya kukitoa mfukoni. Uzalishaji wake ulikomeshwa mwaka 2017, na iPod touch, ya mwisho katika ukoo huo, ikafuata mwaka 2022. Mnunuzi wa mapato ya kawaida ameachiwa hasa vyombo visivyo na jina, ambavyo baadhi ni vizuri na baadhi ni hasara tupu, na boksi halimwambii kipi ni kipi.

Fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Biashara, ambaye hunishonea nguo za watoto, amekuwa na chake kwa muda mrefu na hukisifu kwa jambo moja: mikono yake miwili imo kwenye kitambaa, miguu imo kwenye cherehani, na wimbo ukimchosha hukibonyeza chombo kwa kiwiko juu ya nguo. Kijana wa nyumba ya pili, anayekimbia alfajiri pale bustani ya Mama Ngina, hana sifa nyingi za kutoa. Vyake viwili vimekufa kwa jasho na hewa ya chumvi, vyote kwa namna moja, tundu la kuchajia likishika kutu hadi waya ukawa haugusi. Sasa hukifunga kwenye mfuko mdogo wa plastiki na kukifuta kwa kitambaa kikavu kila anaporudi. Nami nimeiga desturi hiyo, na naona ni ushauri ambao kila muuzaji wa pwani angepaswa kuutoa pamoja na risiti.

Anayenipinga waziwazi ni mzee mmoja wa Mji wa Kale, rafiki wa marehemu baba yangu, ambaye kwake kicheza muziki bila kioo ni sawa na kitabu bila jalada. Yeye ana sanduku la kanda za taarabu, za Juma Bhalo na za Zein l'Abdin, nyingine zikiwa bado na karatasi ya duka la Mbwana Radio Service lililorekodi na kuuza muziki huo hapahapa Mombasa. Mpwa wake alizihamisha zote kwenye kompyuta, kazi ya subira kwelikweli, kwa maana kanda ya dakika sitini huhitaji dakika sitini ili ihame. Ziko kanda arobaini. Kwa kiwango cha kawaida cha MP3, yaani kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki hula karibu megabaiti moja, kwa hivyo sanduku zima, saa arobaini za udi na fidla, liliingia katika gigabaiti 2.3. Mzee huyo anataka kusoma jina la wimbo kabla haujaanza, anataka kujua ni wa kanda ipi na upande upi, na hataki kuupitia wimbo asioutaka ili kuufikia anaoutaka. Hoja yake ina uzito na sikuweza kuivunja. Niliyomwambia ni kwamba hata kioo chake kidogo kina faida kwa sababu tu chini yake pana vitufe vinavyoshikika. Kingekuwa kioo cha kupapasa kama cha simu, vidole vyake vinavyotetemeka visingekiweza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapo umesema kweli, mwanangu."

Msimamo wangu, lakini, haukutokana na fundi wala na mzee. Ulitokana na mama mkwe wangu, ambaye macho yake yamefifia kiasi cha kutosoma tena msahafu aliousoma tangu utotoni. Tulimpa simu ya kisasa, tukamwekea kisomo cha Qurani, na kila siku tulimkuta amekaa nayo kimya mkononi kwa sababu kidole kimegusa pasipotakiwa na kisomo kimepotea. Hakulalamika. Alikuwa akiiweka pembeni na kusubiri mtu arudi nyumbani. Nikamnunulia kicheza muziki cha vitufe vitano vilivyoinuka, nikakishona kamba ya kuvalia shingoni, nikajaza kisomo cha Sheikh Abdul Basit Abdul Samad, na yeye akakibatiza jina la kiredio.

Wiki ya kwanza ilitufunza jambo ambalo hakuna boksi lililotuonya. Faili zilikuwa zimeandikwa 1, 2, 3 hadi 114, nami nikadhani chombo kitazifuata hivyo. Kumbe vyombo vingi vya namna hii hupanga majina ya faili herufi kwa herufi, si kwa hesabu, na katika mpango huo 10 na 100 hutangulia 2. Baada ya Al-Fatiha ikasikika Yunus, kisha Al-Adiyat, na mama akaniita jikoni akiwa na wasiwasi wa kweli. "Mwanangu, hiki kiredio kimeruka Al-Baqara." Usiku huo nilikaa na kompyuta na kubadilisha majina yote yawe 001, 002, 003, hadi 114, na asubuhi msahafu ukawa umerudi katika mpango wake.

Likabaki la pili, ambalo ni kubwa zaidi kwa yeyote anayesikiliza Qurani, mawaidha au hadithi ndefu. Al-Baqara katika kisomo cha taratibu huchukua karibu saa mbili. Chombo kisichokumbuka mahali kilipozimwa humrudisha msikilizaji mwanzo wa sura kila akikiwasha, na mtu wa kawaida hatasikiliza aya za mwisho hata mara moja kwa mwezi. Nilikibadilisha cha kwanza kwa sababu hiyo tu, nikapata kingine ambacho hukumbuka hadi sekunde. Tangu siku hiyo, nikiulizwa na mtu anunue kipi, humwambia acheze faili ndefu dukani, akizime katikati, akiwashe tena mbele ya muuzaji, na asikilize kinaanzia wapi. Jaribio hilo halichukui dakika mbili, nalo linafichua zaidi ya maelezo yote ya karatasi.

Kuhusu nafasi ya kuhifadhia, nina maumivu yangu. Chombo changu cha pili nilikinunua katika duka moja la mjini kikiwa kimeandikwa gigabaiti 32, na kompyuta nayo ilisoma gigabaiti 32. Nyimbo za mwanzo zilicheza vizuri. Nilipopita kama mia tisa, mpya zilianza kukatika, na za zamani zikaanza kutoa mlio wa kukwaruza, kwa sababu ndani mlikuwa na nafasi ndogo tu iliyochezewa ili itangaze namba kubwa, na kila faili mpya ilikuwa ikiandikwa juu ya nyingine. Nilipoteza rekodi za harusi ya dada yangu ambazo nilikuwa nimezihamisha huko bila kubaki na nakala. Nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu akinunua kifaa cha bei nafuu, akijaze chote siku ileile kabla muda wa kurudisha haujapita, kisha acheze faili za mwanzo, za katikati na za mwisho; na kamwe kisiwe nyumba pekee ya kitu asichoweza kukipata tena.

Sauti yenyewe sitaizungumzia kwa kirefu. Ubovu mwingi ambao watu huutupia chombo hutoka kwenye vipokea sauti vilivyomo ndani ya boksi, na mtu akivibadilisha kwa vinavyoziba sikio vizuri atadhani amenunua chombo kipya. Kuziba huko kuna faida nyingine. Injini za feri na pembe za matatu humfanya mtu apandishe sauti bila kujua, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa juma, lakini ikifika desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4. Kwangu mimi, safari zangu za juma moja zingeweza kuumaliza muda huo peke yake. Kwa hivyo nimeweka sauti mahali pamoja nikiwa nyumbani kwenye utulivu, na sipandishi nikifika kivukoni. Na wakati wa kushuka feri huondoa kipokea sauti cha upande mmoja, kwani magari nayo hushuka.

Wanaopenda kusikiliza kupitia intaneti huniambia kwamba kumiliki faili ni mambo ya zamani. Nawaheshimu, ila nyimbo zao husimama bando linapokwisha, na zile walizohifadhi ndani ya programu hufungika malipo ya mwezi yakikatika. Taarabu nyingi za pwani hazimo humo kabisa. Zimo katika masanduku ya wazee na katika kompyuta za wapwa wenye subira. Jambo moja linaniuma katika upande wangu mwenyewe wa hoja: wengi wetu tunajaziwa nyimbo kwa shilingi kidogo na watu wasiompelekea msanii hata senti, na niliyeimbiwa nikifarijika kila asubuhi sina budi kumlipa aliyeniimbia. Siku hizi hununua rekodi kwa mwimbaji mwenyewe kila ninapoweza kumfikia.

Kiredio cha mama mkwe sasa kina umri wa miaka minne. Betri imegundishwa ndani na haibadilishwi, kitufe cha kusonga mbele kimelika rangi yote, na chaji iliyokuwa ikidumu siku tatu sasa haifiki alasiri. Nimezunguka kutoka Digo Road hadi Mwembe Tayari nikitafuta kingine kama hicho, na kila duka limenionyesha vya kioo cha kupapasa, nami kila mara nimefumba macho mbele ya muuzaji, nikapapasa, nikakirudisha juu ya meza. Muuzaji yeyote wa Mombasa mwenye chombo cha vitufe vilivyoinuka, kinachokumbuka kilipoachia, na akiweke kando. Nitakuja na faili zangu 114 na kuzijaribu papo hapo, na kikifaulu nitanunua viwili.