Pesa zifike mitaani, zisiishie semina

Naunga mkono pendekezo la serikali kufadhili vikundi vya mitaa vinavyopambana na dawa za kulevya, ila tukubaliane kwanza pesa zinashuka kwa nani. Nyumba Kumi, mpango wa Kenya wa majirani kulinda mtaa wao chini ya wazee, ilianza 2013, na kwa miaka mingi wazee wake wamejitolea bila mshahara. Mzee anayejua nyumba inayouza bangi hapa Kaptembwa au kule Rhonda, mitaa ya Nakuru, analala mtaa huo huo, bila ulinzi wowote. Akipiga ripoti, anaogopa jina lake litamfikia muuzaji kabla giza halijaingia. Hilo ndilo linalotuvunja moyo sisi wazazi wa Nakuru, si ukosefu wa mabango. Sheria ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ipo tangu 2012, machifu wapo, polisi wapo. Lakini kijana aliyekubali kuacha dawa tumpeleke wapi? Vituo vingi vya kurekebisha tabia ni vya watu binafsi, na mama anayefua nguo za watu hawezi kumudu ada ya vituo hivyo. Fungu la kwanza liende kwa matibabu katika hospitali za umma. Halafu wazee wa mtaa wapewe posho, na orodha ya waliolipwa ibandikwe ofisini kwa chifu, kila mtu aisome.